Mvua ya Kabla ya Ijumaa

Jumapili, 15 Oktoba 2000

Habari kubwa! Kiti kiko wazi. Mzee Ndunda amehamia Konza kwa mwanawe, na kanisa letu la hapa Kola linatafuta mzee mpya. Kiti hicho ni changu. Nimekitamani miaka mingi. Mzee wa kanisa huketi mbele, huombwa kufungua na kufunga kila mkutano, na kwenye arusi huwekewa nyama kabla ya watu wengine.

Shida ni moja tu. Pasta Ndambuki hataki kura. Amesema kanisa limejaa watu wanaomtafuta Mungu mawinguni na kumkosa jikoni. Atakayewekwa ni yule anayemwona katika kazi zake za kila siku. Tumepewa wiki nzima ya kutafuta, na Jumapili ijayo kila mtu atasimama aseme ameona nini.

Nimemtupia jicho jirani yangu Maundu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Unyenyekevu huo naujua mimi! Anakitaka kiti.

Tukirudi nyumbani, mke wangu Kamene amesema labda nianze kwa kutazama shamba, maana mitaro imebomoka na watu wameanza kutayarisha. Hajaelewa kabisa. Mambo ya roho hayaendi hivyo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeanza kufunga. Mtu akifunga, macho ya ndani hufunguka, jambo hilo linajulikana. Nimemtangazia Kamene, majirani wote wawili na mwenye duka, ili wasije wakanikaribisha chai bila kujua.

Kufikia saa nne sikuwa nimeona kitu. Saa sita nimeona vinyota vidogo, lakini nadhani vilikuwa vya njaa. Kamene alikuwa amepika muthokoi, mahindi yamekobolewa vizuri, maharagwe yameiva, akaiweka sufuria karibu na mlango. Kwa nini mlangoni? Nimeenda kuangalia kama kuna ujumbe ndani yake.

Kufunga kumeisha saa saba. Nasikia Maundu hakujaribu hata kidogo. Ameteka maji na punda wake kama kawaida. Vizuri sana! Mtu asiyejitahidi hatafika popote.

Jumatano, 18 Oktoba

Pasta alisema kazi za kila siku. Sawa. Nimeketi kwenye kigoda tangu asubuhi nikimtazama mbuzi wetu, ili nimwone Mungu katika mbuzi. Mbuzi naye amenitazama. Nimefumba macho niombe kidogo. Nilipoyafumbua, ukingo wa kofia yangu haukuwepo.

Kamene amepita na mtungi wa maji akaniuliza kama ninaweza kufunga paa la banda la mbuzi maadamu niko hapo hapo. Nimemjibu niko kazini. Ameutua mtungi, akapanda kulifunga mwenyewe. Ameniharibia utulivu na kelele za nyundo.

Jioni nimetoka kwenda dukani kupumzisha akili. Susu Mbinya, yule nyanya mjane, alikuwa ameketi mlangoni pake akanipungia mkono. Sikusimama. Mtu anayeutafuta uso wa Mungu hawezi kusimama katika kila lango.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimegundua kosa liko wapi. Si macho. Ni koti!

Mzee wa kanisa lazima awe na suti. Maundu ana koti moja, tena ni lile la kukamulia ng'ombe. Leo nimeenda Machakos mjini kwa Musyoka, ambaye upande mmoja wa kibanda anauza mitumba na upande wa pili anauza nafaka. Ana suti ya buluu iliyokoza, na kizibao chake, mabega mapana ajabu. Nimejitazama kwenye kioo chake kilichopasuka nikaona mzee wa kanisa kamili.

Pesa sina. Lakini Musyoka anatafuta mbegu, maana wakulima wanamsumbua. Na mimi nina pipa la mbegu nyumbani: mahindi, kunde, mbaazi. Zimekaa tu. Mvua ya mwaka jana ilitudanganya, ya Machi ikatudanganya, na hii nayo haitakuja, mtu yeyote anaona hivyo. Kupanda sasa ni kulisha mchwa. Kwa hiyo Musyoka amekuja na pikapu Kamene akiwa mtoni. Tumebadilishana kiungwana kabisa.

Suti iko chini ya kitanda. Kamene sijamwambia. Atafurahi zaidi akiiona ghafla siku ya kusimikwa.

Jumapili, 22 Oktoba

Ngoja niandike polepole.

Nilikuwa nimetayarisha ushuhuda mzuri kuhusu mbuzi. Lakini Maundu ameitwa kwanza. Amesimama na koti lake la maziwa, akasema kwa miaka mingi amekuwa akimchapa punda wake kwa sababu kila siku, wakitoka mtoni, anasimama kwenye lango la Susu Mbinya na kukataa kwenda. Wiki hii, kwa sababu ya maneno ya Pasta, hakumchapa. Ameangalia tu ni kwa nini. Kumbe Susu alikuwa akimpa maganda ya mahindi zamani, alipokuwa na nguvu. Maundu akaingia uani, akakuta mguu wa Susu umevimba na mtungi hauna hata tone. Tangu siku hiyo anamwachia maji. Akasema punda alikuwa ameona na yeye hakuona, akaketi.

Kanisa zima limelia. Kwa sababu ya punda! Kina mama wamepenga kamasi. Pasta ametoa kile kitambaa chake kikubwa. Kamene naye alikuwa akilia, mke wangu mwenyewe.

Nikaitwa mimi. Nani angesikiliza habari za mbuzi baada ya hapo? Nikafungua mdomo, na mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema nilikuwa nikiomba nikaona wingu dogo juu ya kilima, jeusi, limejaa maji. Nikaongeza sauti. Nikasema wingu lilikuwa linakuja huku kwetu. Mtu akapiga kelele nyuma, "Haleluya!" Pasta akaniuliza kwa upole, "Ndugu Justus, na uliona kama mvua inakuja lini?"

Nilitaka kusema siku anazozijua Bwana. Naapa nilitaka kusema hivyo. Nikasema, "Kabla ya Ijumaa."

Wamenibeba juu juu. Maundu mwenyewe amenishika mkono kwa mikono yake miwili na machozi machoni. Kiti ni changu!

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimeamshwa na sauti za majembe. Nimetoka nje. Kilima chote kimejaa watu.

Hapa kwetu watu hupanda udongo ukiwa mkavu, siku chache tu kabla ya mvua, ili tone la kwanza liikute mbegu ndani. Ukibahatisha siku, unavuna. Ukikosea, kindi na mchwa wanamaliza kila kitu, na huna nyingine. Mwaka huu kila mtu alikuwa akisitasita na mbegu zake za mwisho. Sasa hawasiti tena. Wanapanda, tena wanaimba, kwa sababu yangu.

Sijisikii vizuri.

Kamene ameniuliza sisi tunapanda lini. Nimemwambia mwonaji hupanda mwisho, baada ya kondoo wote, ndivyo ilivyo desturi ya waonaji. Ameitikia. Baadaye nimesikia kifuniko cha pipa kikifunguliwa, kisha kikifungwa. Nimejifanya nimelala. Amejifunga leso akaenda kwa Mutheu, mke wa Maundu.

Jumanne, 24 Oktoba

Kamene amerudi jioni na udongo hadi kwenye viwiko. Nimemkemea. Nimemwambia mke wa mzee wa kanisa mtarajiwa hawezi kuwa kibarua kwenye shamba la Maundu. Ameniuliza kama nitakula. Nimekula.

Jumatano, 25 Oktoba

Jua! Jua kali la kuchoma kisigino. Hakuna wingu hata la kufuta mikono.

Nimeenda kwa Pasta kurekebisha mambo kidogo. Nilitaka kumweleza kwamba katika maono siku hazihesabiwi kama zetu, na Ijumaa inaweza kuwa Ijumaa yoyote, hata ya mwaka ujao. Nimemkuta shambani, suruali imekunjwa, akifukia mahindi yake ya mwisho. Amenikumbatia kabla sijasema. Amesema imani yake ilikuwa imechoka na mimi nimeiinua. Nimesema amina. Ningesema nini?

Nikirudi, Susu Mbinya ameniita langoni. Safari hii nimesimama, maana alikuwa amenishika mkono wa shati. Amesema, "Mwana wangu, nilikuwa na kikombe kimoja tu cha kunde, nimekiweka cha kupika. Sasa nimepanda yote. Mungu akubariki na macho yako." Mguu umefungwa kitambaa, na alikuwa amepanda ameketi, akijisogeza kwa matako.

Nimejisikia vibaya. Vibaya kabisa, sijawahi kujisikia hivyo. Nimekaa chini ya ukuta wa kanisa nikafikiri nimwambie ukweli.

Kisha nimeamua kwenda Kyumbi kwa shemeji yangu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Hii ni ya jana na leo pamoja.

Jana asubuhi nimemwambia Kamene nina mkutano wa waonaji. Nimevaa suti ili isibaki nyumbani kama ushahidi. Kamene ameitazama kutoka mabegani hadi chini, kisha akatazama upande wa pipa. Amesema tu, "Safari njema, Baba Nzisa."

Kyumbi nimekaa siku nzima chini ya upenu wa duka jirani na kwa shemeji, kando ya barabara kuu, nikitazama malori ya Mombasa na kupanga maisha mapya. Ningeuza matikiti barabarani. Ningejiita jina lingine. Jioni ikafika, anga ni safi. Nikawaza jinsi Susu Mbinya anavyotazama juu kutoka mlangoni pake. Nikawaza kuhusu Pasta.

Ndipo upepo ukageuka. Harufu ya udongo! Mwenye duka akaanza kuingiza magunia. Tone likaniangukia kwenye mkono, kubwa kama sarafu. Lingine. Kisha mbingu zikafunguka, ikanyesha mvua ya kuvunja vichwa, na mimi nikakimbia katikati ya barabara nikipiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi niliyeiona!" Dereva wa lori amenitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nimerudi leo kwa miguu kwenye matope. Suti imejikunja, mikono imepanda hadi karibu na viwiko, lakini nani anajali? Watu wamenipokea barabarani wakiimba. Wameniita Mwonaji. Maundu ameninyooshea mikono akasema, "Ndugu, wewe umeona kuliko sisi wote." Nimempapasa bega. Nimemwambia ajitahidi.

Sasa nafikiri kwa makini. Nilisema kabla ya Ijumaa, ikanyesha Alhamisi. Basi niliona! Labda mdomo wangu huona kabla yangu. Hakuna maelezo mengine.

Jumamosi, 4 Novemba

Balaa. Imeota.

Kilima chote ni kijani. Kwa Maundu, kwa Pasta, hata kipande cha Susu Mbinya. Mistari imenyooka na majani madogo yanang'aa baada ya mvua. Kila shamba la Kola limeota isipokuwa moja. Langu liko palepale kando ya njia ya kanisa, jekundu, tupu kama upara wa Musyoka.

Na Pasta ametangaza kwamba kesho, baada ya ibada, kanisa lote litakuja kufanya shukrani kwenye shamba la Mwonaji! Watasimama katikati ya mimea na kunitangaza mzee. Kesho!

Nimefikiria kumwombea Pasta homa ndogo. Nimefikiria kung'oa mche mmoja mmoja kutoka kila shamba, lakini mgongo hauwezi. Hatimaye nimepata. Mwaka wa mapumziko! Maandiko yanasema shamba lipumzishwe mwaka wa saba. Mimi peke yangu hapa Kola nimetii. Nimejaribu kuisema mbele ya mbuzi, kwa sauti nzito. Inatoka vizuri sana.

Jumapili, 5 Novemba

Wamekuja wote, wakiimba, kina mama mbele. Wimbo umekatika walipofika kwenye ua wa katani. Sijawahi kusikia wimbo ukikatika namna hiyo, katikati ya neno.

Nimepanda juu ya jiwe nikahubiri kuhusu mwaka wa mapumziko. Nilikuwa naendelea vyema. Maundu, bila ubaya wowote, ameuliza kama mwaka jana si ulikuwa pia wa mapumziko, maana hakuniona nikilima, na mwaka juzi pia. Nimesema mambo haya ni mazito. Mtoto mmoja amecheka akapigwa kofi.

Ndipo Susu Mbinya, aliyekuwa ameletwa juu ya punda, ameuliza. Hakuuliza kwa hasira. Kama angekasirika ningejua la kufanya. Amesema, "Mwana wangu, mimi nimepanda kunde yangu yote kwa sababu wewe uliona mvua. Na wewe uliona mvua, ukakosa kupanda?"

Nimeona haya. Ninaandika ukweli, nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Nimeshuka kutoka kwenye jiwe.

Pasta ametazama shamba lote, taratibu, kisha akanyoosha kidole kule chini, nyuma ya jikoni, mahali ambapo mimi sipiti kwa sababu kuna mteremko. Kulikuwa na kijani. Mistari minne ya mahindi na kunde katikati, mtaro umetengenezwa upya, mawe yamepangwa. Akauliza ni nani amepanda pale.

Kamene amesema ni yeye. Pasta akamwuliza mbegu amezitoa wapi. Amesema pipa lilikuwa tupu, akaazima kidogo kwa Mutheu. Hakusema pipa lilibakije tupu, lakini watu wote wameitazama suti yangu. Mutheu ameingilia akasema Mama Nzisa hakuazima, amelima kwao siku mbili kulipia, "na mimi nilimwambia aache, akakataa kabisa."

Pasta akamwuliza, kwa upole wake huo huo, ilikuwaje apande wakati bwana yake mwenyewe hakupanda. Kamene ametazama chini. Amesema, "Baba Nzisa alisimama kanisani akasema ameona mvua. Nikamwamini."

Wamemaliza shukrani kwenye ile mistari minne, wamebanana, wengine wamesimama kwenye banda la mbuzi. Mimi nimeshika kofia iliyoliwa. Usiulize kuhusu kiti.

Jumatano, 8 Novemba

Siongei na mtu. Nimekaa ndani. Kamene ananiletea chakula bila kulaumu, jambo ambalo ni gumu kuliko lawama. Leo nimemwuliza kama bado ananiamini. Ameendelea kuchambua mboga. Amesema atanijibu nikishalima.

Nimeshika jembe. Nimelima mpaka kwenye jiwe la kwanza. Jiwe ni kubwa.

Jumapili, 12 Novemba

Kiti kimepata mtu. Si Maundu! Maundu aliitwa, akasimama, akasema macho yake yeye aliyaazima kwa punda, lakini kuna mtu hapa aliyepanda mbegu ya kuazima kwa neno la mtu asiye na mbegu. Kanisa likapiga makofi kabla hajamtaja. Wamemweka Kamene! Mke wangu! Mzee wa kanisa wa kwanza mwanamke hapa kwetu. Alikataa mara mbili, akalia, akakubali. Sasa ameketi pale mbele, na leso yake ya kila siku.

Niliketi nyuma nikiwaza. Mwanzoni niliona uchungu. Kisha, kidogo kidogo, jambo lote likanifungukia, wazi kabisa, sijawahi kuona wazi namna hiyo maishani. Kiti kiko nyumbani kwangu! Kamene ni mpole, hana maneno. Kila Jumapili watamtaka asimame aseme ameona nini, na yeye atasema nini? Kwamba ameona sufuria? Anahitaji mtu wa kumtangulia, mtu mwenye uzoefu wa mambo haya.

Nimeliacha jembe kwenye lile jiwe. Nimekaa mchana kutwa nikitayarisha, na nimepata mambo matatu mazito: nzige, daraja jipya, na mgeni kutoka mbali. Bado sijaamua ni lipi litangulie. Kamene ameenda kumpelekea Susu Mbinya maji.

Akirudi, nitamwambia ameona nini.